Kanda Isiyo na Alama

Mwaka ule ambao kila aliyerudi kutoka Dubai alirudi na deki begani, Twaha aliacha ufundi redio akafungua duka la kuazimisha kanda za video pale Mtoni. Bara ilikuwa bado haina televisheni yake. Mwenye antena ndefu alinasa Zanzibar kwa chenga, na mwenye deki alikwenda kwa Twaha.

Twaha hakuwa mtu wa kukurupuka. Ukimwuliza kama mvua itanyesha, alitoka nje kwanza, akatazama juu, kisha akarudi ndani kukuambia kwamba bado anafikiri. Shule aliishia darasa la saba. Mengine yote alijifundisha mwenyewe kwa kufungua kitu, kukitazama, na kujaribu kukifunga tena. Kwa hiyo alipoona wateja wanasimama mbele ya rafu wakivuta kanda hii na kurudisha ile bila kujua ndani mna nini, alikaa akafikiri siku kadhaa, akaamua kuzitia alama.

Alianza na alama mbili. Kanda ya Kihindi aliitia nukta ya njano ubavuni, kanda ya mateke akaitia nyekundu. Rangi alinunua kwa Naima, mwenye saluni ng'ambo ya barabara, kwa sababu rangi za dukani zilikuja kwenye makopo makubwa na zilichelewa kukauka, wakati rangi ya kucha hukauka upesi na huja na brashi yake. Hilo lilikuwa kweli, na Twaha alilisema mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Alama hizo mbili zilitosha kwa muda. Kisha Bi Tunu, aliyekuwa amemzika mama yake hivi karibuni, akaazima kanda ya njano ili apoze roho. Katika kanda ile mama wa sterlingi, yule shujaa wa picha, alikufa mara tu baada ya wimbo wa kwanza. Bi Tunu akaangua kilio, majirani wakadhani ni msiba mwingine, wakaja na mikeka yao. Walipofahamu kilichotokea hawakuona sababu ya kuondoka, wakakaa hadi kanda ikaisha. Kesho yake Bi Tunu alikuja dukani, macho yamemvimba.

"Twaha mwanangu, ungeniambia tu."

Twaha aliona anayo haki. Alivuka barabara akanunua rangi ya bluu: mama anakufa.

Baada ya hapo ikaja ya kijani, nyoka, kwa sababu ya bibi mmoja aliyevunja kitanda kwa kukirukia. Ikaja ya zambarau, kwa sababu ya vijana waliorudisha kanda wakiwa kundi zima, wamenuna.

"Braza, sterlingi kafa!" alisema msemaji wao. "Sterlingi hafi! Toka lini sterlingi akafa?"

"Mie sikuitengeneza hiyo picha," Twaha alisema.

"Lakini umeiweka."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Twaha akavuka barabara.

Ikaja alama ya kubusiana. Halafu mwalimu mmoja wa madrasa alimweleza, kwa upole na subira, kwamba alama hiyo haitoshi. Kubusiana, alisema, ni jambo la muda mfupi. Mtu mzima akiwa na watoto wake anaweza kukohoa likapita. Lakini mvua ikishamkuta msichana wa Kihindi na sari yake, huo ni wimbo mzima, na hakuna kikohozi cha urefu huo. Twaha akanunua rangi ya fedha kwa ajili ya mvua. Ikafuata ya ulevi, na baada yake ya waridi, ya mama mkwe mbaya, maana kulikuwa na nyumba zilizokuwa zikigombana upya kila kanda ya namna hiyo ilipowashwa.

Zikawa alama tisa. Kanda nyingine zilikuwa na nukta nyingi ubavuni kama ngozi ya chui.

Mshirika wake dukani alikuwa Mzee Audax, Mhaya aliyekuwa karani wa masjala serikalini hadi alipopunguzwa kazi pamoja na wenzake. Audax alileta dukani mafao yake, kiti chake cha ofisini, na uzoefu wa miaka mingi wa kupanga vitu.

"Sisi masjala tulikuwa na mafaili ya aina tatu," alisema siku nukta ya tisa ilipopakwa. "Yanayotafutwa, yasiyotafutwa, na yaliyopotea. Nchi ikaenda."

"Mtu anapenda kujua anachochukua, Mzee."

"Mtu anapenda kuondoka na kanda. Wewe unamsomea hukumu." Audax alitazama ng'ambo ya barabara, ambako Naima alikuwa akimfunga mteja taulo shingoni. "Lakini nimeona jambo. Kila ukikaa siku nne hujavuka barabara, kanda zinapatwa na ugonjwa mpya."

Twaha alikuwa akisubiri nukta ikauke, na kuhusu Naima alikuwa amekwisha kuamua, baada ya kufikiri kwa miaka miwili.

Barua ya posa ilipelekwa na Faraji, fundi cherehani wa mtaa wa pili, aliyekubali kuwa mshenga. Nyumbani kwa kina Naima ilipokelewa na mama yake, Bi Mwanakombo, ambaye moyoni alikwishakubali. Lakini baba yake Naima alikuwa amefariki, na wao ni Wazaramo; neno la mwisho lilikuwa la mjomba. Mjomba Mwishehe aliishi Chamazi kwenye minazi na mikorosho yake. Alisema atafikiri, akafikiri, kisha akasema kwamba kijana ametazamwa, hana doa, ila biashara yake haielewi. Yeye kwake hakukuwa na umeme, na video alizozijua ni zile alizosimuliwa msikitini.

"Watu wanakaa na watoto wao wanatazama watu wanaovua nguo," alimwambia dada yake. "Na huyu ndiye anayewagawia."

"Sivyo kaka, Twaha ana utaratibu," Bi Mwanakombo alisema. "Kanda zake zina alama. Mtu hashtukizwi."

"Basi Jumapili nitakuja. Nitakwenda dukani kwake, nitachukua kanda mwenyewe, nitakaa hapa na wewe na wanao tuitazame. Ikipita bila mtu yeyote kutazama ukuta, nitatoa jibu."

Faraji alimpelekea Twaha habari hiyo neno kwa neno, maana hiyo ndiyo kazi ya mshenga. Twaha alifikiri usiku na mchana. Alipitia rafu yote akaona kwamba kanda za kufaa zipo, nyingi tu, na alama zinaonyesha wazi. Alitulia. Na kwa kuwa alitulia, Jumapili ile adhuhuri aligundua kwamba baadhi ya kanda zina watu wanaotoroka nyumbani ili waoane bila idhini ya wazee, jambo ambalo mjomba angependa kulijua mapema, na kwamba halina rangi. Akavuka barabara.

Naima alikuwa na mteja kitini, mama mnene aliyekuwa akitiwa nywelini dawa ya kalikiti.

"Rangi tena?" Naima alisema. "We Twaha, mie sikuelewi. Mikono yako haina kucha ya rangi hata moja."

"Ni ya kanda."

"Najua ni ya kanda. Mtaa mzima unajua ni ya kanda." Mama wa kalikiti alicheka mpaka kiti kikalia. "Imebaki hii, ya chungwa. Ukimaliza hii utanunua hina."

Twaha alikaa pale kidogo zaidi ya inavyochukua kununua kichupa kimoja. Alipovuka kurudi, alimkuta Audax ameketi kwenye kiti chake cha ofisini akiwa na uso wa mtu aliyemaliza kazi nzuri.

"Mjomba wako amekuja," Audax alisema. "Mtu mwenye heshima zake. Nimemweleza alama zote tisa, nyoka, mvua, mama, zote. Amesikiliza vizuri. Kisha ameniuliza, 'Je, ipo isiyo na alama hata moja?' Nikatafuta, nikaipata. Ameipokea kwa mikono miwili."

Twaha alikitazama kichupa cha rangi ya chungwa.

"Umeitoa wapi?"

"Rafu ya chini."

"Rafu ya chini ni zile zilizokuja Ijumaa kutoka Dubai," Twaha alisema. "Sijazitazama."

Audax alifikiri kama karani. "Lakini haikuwa na alama," alisema.

"Haina alama kwa sababu sijaitazama."

"Na ile ambayo umeitazama ukaona haina ubaya wowote, unaitia alama gani?"

Twaha aliigeukia rafu. Alama tisa alizikusanya kwa miezi, kila moja ina kisa chake, na katika zote hakuna aliyewahi kumwuliza swali hilo.

Kwenda nyumbani kwa kina Naima hakuweza. Mposaji hakanyagi uani kwa watu wakati jibu bado halijatoka. Angeonekana amekuja kuliomba. Faraji alikuwa amekwenda harusini Kunduchi. Twaha akavuka barabara, na kwa mara ya kwanza tangu afungue duka akasimama mlangoni mwa saluni bila kuhitaji rangi yoyote.

"Umesahau nini?" Naima aliuliza.

Alimweleza. Naima alishika kitana hewani.

"Ina nini ndani?"

"Sijui. Hapo ndipo kwenye tatizo."

"Twaha, mie nina kichwa cha mtu mkononi. Nikikiacha sasa hivi, dawa itaunguza."

"Asiende popote," mama wa kalikiti alisema kutoka chini ya povu. "Posa zipo nyingi. Kichwa ninacho kimoja."

Twaha alirudi dukani. Yeye na Audax walikaa hadi magharibi. Wateja walikuja, wakachukua kanda, wakaondoka. Hakuna aliyeuliza maana ya nukta.

Asubuhi iliyofuata Mjomba Mwishehe aliingia dukani na kofia yake ya kiua na kanda chini ya kwapa. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini. Audax akamwachia kiti cha ofisini, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu mwingine.

"Shikamoo, mjomba," Twaha alisema.

"Marahaba. Nimerudisha kanda." Aliiweka juu ya meza, akainyoosha kwa kidole ikae sawa. "Tuliitazama. Wimbo wa kwanza, mvua. Dada yangu akasema anakwenda kuangalia maji jikoni. Hakukuwa na maji jikoni. Mabinti wakamfuata kumsaidia kuyatafuta. Nikabaki na jirani wa dada yangu, aliyekuja kutazama. Akaja nyoka. Jirani akakumbuka kwamba ana mgeni kwake. Nikabaki peke yangu."

"Kwa nini hukuzima, mzee mwenzangu?" Audax aliuliza.

"Sijui inapozimwa."

Nje mtu alikuwa akinadi samaki.

"Huyu bwana aliniambia haina alama," mjomba aliendelea. "Nami niliona mwenyewe haina. Nieleze."

"Haina alama kwa sababu nilikuwa sijaitazama," Twaha alisema. "Kosa si la Mzee Audax. Kanda safi haina nukta, na kanda nisiyoijua haina nukta. Nilizifananisha bila kujua."

"Kwa hiyo kwako wewe, kitu safi na kitu usichokijua, sura yao moja."

"Ndiyo, mjomba. Ilikuwa hivyo mpaka jana."

Mjomba Mwishehe alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Sikulala vizuri," alisema. "Si kwa ajili ya mvua. Nilikuwa nakufikiria wewe. Tumekuulizia msikitini, tumekuulizia sokoni, tumekuulizia kwa fundi uliyejifunza kwake. Hatukupata alama hata moja. Nikamwambia dada yangu, kijana huyu ni safi. Sasa jana usiku nikajiuliza: ni safi, au hatujamtazama?"

Twaha aliisukuma kanda pembeni mwa meza.

"Basi nimekuja nikuulize mwenyewe," mjomba alisema. "Taja alama zako."

Twaha alifikiri. Audax, aliyemjua, alivuta kigoda akakaa. Kilichokuwa kikimzunguka Twaha kichwani ni hesabu ile ile ya siku zote: akitaja chache, atakuwa amemwazima mzee kanda ya rafu ya chini, akitaja zote, mzee atasimama mbele yake kama wateja wanavyosimama mbele ya kanda yenye nukta tisa, asijue ashike ipi.

"Mie ni mzito wa kuamua," alisema mwishowe.

"Hiyo tumeiona sasa hivi."

"Nilishaposa mahali pengine kabla ya hapa. Kunduchi. Wakanikataa."

Mjomba aliinua macho. "Hiyo hatukuipata. Walikukatalia nini?"

"Nilichelewa kwenda kusikia jibu. Walidhani nimeghairi."

Audax alikohoa, kikohozi kifupi cha kubusiana.

"Nyingine?"

Twaha aliitazama rafu yake. Jua la asubuhi lilikuwa limeingia mlangoni na nukta zote zilikuwa zinang'aa, njano, bluu, fedha, waridi.

"Nyingine ni hizi rangi, mjomba. Wateja walilalamika kweli. Lakini kila lalamiko ningeweza kulimaliza kwa kumwambia mtu maneno mawili hapa mezani. Sikuhitaji kununua rangi."

"Katika hizi tisa, ngapi zilikuwa za lazima?"

Hapo Twaha hakuchelewa, kwa sababu alikuwa amekesha na swali hilo. "Kwa mtu aliyekuja kama wewe, moja: kama anaweza kukaa na dada yake wakaitazama pamoja. Na ya pili, ambayo sikuwa nayo kabisa: kama mie mwenyewe nimeitazama au bado."

"Na zile nyingine zilikuwa za nini?"

Twaha alitazama ng'ambo ya barabara. Mjomba akageuza shingo akatazama naye. Naima alikuwa amesimama mlangoni mwa saluni akikung'uta taulo ambalo halikuwa na kitu. Alipoona wanamtazama wote watatu, akaingia ndani.

"Naona," mjomba alisema.

Alisimama, akajinyoosha kanzu. "Kijana, umenitajia alama tatu. Ya kwanza inachosha, ya pili imepita, ya tatu nitaizungumza na dada yangu, maana saluni inafunguliwa kila siku na yeye anasema hajui lolote. Ungeniambia huna alama hata moja, ningetoka hapa nikapande basi la Chamazi. Jibu utalipata kwa mshenga wako, kama inavyotakiwa."

"Ahsante, mjomba."

Mzee alifika mlangoni, akasimama.

"Kanda ile," alisema bila kugeuka. "Ilikatika."

"Hiyo ni sehemu ya kwanza, mjomba. Sehemu ya pili iko kwenye kanda nyingine."

"Unayo?"

"Ninayo. Lakini bado sijaitazama."

"Itazame," mjomba alisema. "Halafu sitaki unieleze mvua, sitaki nyoka, sitaki waliokunywa. Nijulishe jambo moja. Yule mama yao aliyepofuka, anaona tena?"

Twaha alifunga duka mchana ule. Aliitazama sehemu ya pili kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kupeleka mbele. Kulikuwa na mvua mara mbili, na nyoka yule yule. Mwishoni kabisa, risasi zikiwa zimekwisha na watoto wote wamerudi, mama alifunguka macho, akawataja wanawe mmoja mmoja kwa majina.

Alimwita Faraji, akampa neno moja apeleke: anaona.

Faraji aliondoka akilalamika kwamba katika ushenga wake wote hajapata kutumwa ujumbe wa namna hiyo. Alirudi baada ya isha. Twaha na Audax walikuwa wamekaa kizingitini.

"Nimefika," Faraji alisema. "Nimemkuta mjomba, mama, mabinti, wote. Nimesema, 'Twaha anasema, anaona.' Mjomba akasema, 'Alhamdulillahi.' Chai ikaletwa. Nikanywa. Kisha nikaaga. Nilipokuwa nimekwishavaa viatu ndiyo akasema, 'Na lile jambo jingine, mwambie ndiyo.'"

Audax alimpa Twaha mkono, akautikisa kiofisi.

Juma lile lote Twaha alikaa na pamba na dawa ya kufutia rangi, aliyoletewa na Naima mwenyewe bila kuomba, akifuta nukta. Alibakiza rangi mbili. Ya kijani, iliyokuwa ya nyoka, sasa ilimaanisha unaweza kukaa na yeyote. Ya chungwa, ile iliyochelewa, ilimaanisha bado sijaitazama. Isiyo na nukta yoyote sasa ilikuwa imetazamwa, na haifai mbele ya wakwe. Mengine mteja aulize mezani. Wateja walielewa siku ya kwanza. Audax alisema hata masjala wangeukubali mpango huo, baada ya vikao viwili.

Lilibaki tatizo dogo. Zamani, Twaha alipokuwa hana uhusiano wowote na Naima, alikuwa huru kuingia saluni kununua rangi. Sasa wameposana, na mchumba kuonekana mlangoni kwa msichana kabla ya ndoa, bila shughuli yoyote, ni jambo ambalo mtaa hauachi kulitia maneno. Bi Mwanakombo alikwisha kulitaja. Mjomba, kwa kupitia Faraji, alikwisha kulitaja pia.

Twaha alilifikiria jambo hilo kwa utulivu, kama alivyofikiria kila kitu. Siku ya nne, wakati Audax akisoma gazeti, alisimama mbele ya rafu muda mrefu, mikono nyuma.

"Mzee," alisema, "umewahi kuona ni kanda ngapi zina farasi?"

Audax alishusha gazeti. Alitazama rafu, akatazama ng'ambo ya barabara, akalipandisha gazeti tena.

"Nenda," alisema. "Nami nitakuwa hapa na farasi."